Kupika ale ya asili kwenye chumba chenye joto: kimea, hopsi na hamira

Ndoo_Nyeupe

Habari wakuu. Naomba ushauri wa waliozoea kupika ale za asili, yaani bia za hamira inayopanda juu, hasa ile bitter ya Kiingereza: rangi ya shaba, gesi kidogo, uchungu unaokaa mdomoni bila kuchoma, kilevi asilimia nne hivi.

Mpaka sasa natumia shira ya kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) ya kopo. Naongeza kilo moja ya sukari nyeupe kama maelezo ya kopo yanavyosema, najaza maji ya bomba hadi lita 20, nanyunyiza hamira iliyokuja nayo. Ndani ya siku mbili povu limepanda na kushuka. Kinachonisumbua ni ladha. Ni nyepesi na kavu, inaunguza koo, inanukia kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na nyuma yake kuna harufu ya plasta ya kidonda. Chumba kina nyuzijoto 26 hadi 28 usiku na mchana, na sina friji ya kuingiza ndoo.

Nataka kuachana na kopo nianze na nafaka yenyewe. Nina sufuria ya lita 30, mfuko wa kitambaa cha neti, kipimajoto na haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyomo. Nichukue kimea gani, na hopsi zipi, yale maua yanayoleta uchungu na harufu? Niloweke kwa joto gani? Na je, chumba cha namna hii kinaweza kweli kutoa ale ya kueleweka?

Shangazi_Shayiri

Kinaweza, mwanangu. Na dalili ulizotaja zinajieleza, kwa hiyo tuzimalize kwanza kabla ya kufika kwenye sufuria.

Wepesi na ukavu vinatoka kwenye ile kilo ya sukari. Hamira inaila sukari nyeupe yote, hakibaki kitu cha kukaa mdomoni. Sina ugomvi na sukari kidogo kwenye ale. Wapishi wa Uingereza wanaitumia tangu sheria ilipowaruhusu mwaka 1847. Lakini sukari tupu ikishakuwa zaidi ya theluthi ya chakula cha hamira, nafaka haisikiki tena.

Kuunguza koo na ile harufu ya kucha ni joto. Hamira ya ale inafanya kazi nzuri kati ya nyuzi 18 na 21. Inapochachusha inazalisha joto lake yenyewe, hivyo ndoo iliyo kwenye chumba cha 27 inaweza kufika 31 ndani. Hapo inazaliana kwa pupa na kutoa pombe nzito pamoja na esta, kemikali za harufu kali, nyingi kupita kiasi. Usitegemee kwamba ukiziweka chupa miezi miwili harufu hiyo itaondoka.

Plasta ni klorini ya maji ya bomba ikikutana na fenoli, kemikali za asili za nafaka. Kiasi kidogo mno kinatosha kuharibu ndoo nzima. Vunja nusu kidonge cha metabisalfaiti, vile vinavyouzwa kwa watengeneza mvinyo, ukoroge kwenye lita 27 za maji kabla ya kuwasha moto. Kuchemsha kunaondoa klorini ya kawaida, lakini maji mengine yana klorameni, ambayo inavumilia moto. Kidonge kinazimaliza zote mbili. Na kama unasafisha ndoo kwa dawa ya klorini, iache. Tumia dawa ya asidi ya fosforasi isiyohitaji kusuuzwa.

Sasa kimea. Kwa bitter chukua kilo 3.7 za kimea cheupe cha Kiingereza na gramu 250 za kimea cha kristali cha rangi ya wastani. Basi. Ukiweza kupata Maris Otter, chukua. Ni shayiri iliyozalishwa Cambridge miaka ya 1960, wakulima waliikimbia kwa sababu mavuno yake ni madogo kuliko ya mbegu mpya, na wapishi wa ale ndio walioing'ang'ania mpaka leo kwa ajili ya ladha yake ya nafaka iliyokaangwa kidogo. Usipoipata, kimea chochote cheupe cha ale kitakufaa, ila kisiwe kile cheupe sana cha lager, maana kinatoa bia safi lakini haina mgongo. Kristali ni kimea kilichopashwa moto kikiwa bado kibichi, wanga ukageuka sukari ndani ya ganda ndipo kikakaangwa. Ndicho kinacholeta rangi ya shaba na utamu ambao hamira haiwezi kuula wote. Wengi wanakizidisha. Ukivuka nusu kilo kwenye lita 20, bitter inageuka peremende.

Nafaka ipasuliwe, isisagwe unga. Ganda likibaki zima, maji yanapita na ukakasi haupatikani.

Kwenye kuloweka ndipo utakapoamua ale iwe kavu au nzito. Ndani ya kimea kuna vimeng'enya viwili vinavyokata wanga: kimoja kinapenda nyuzi 60 hadi 65 na kinatoa sukari ambayo hamira inaimaliza, kingine kinapenda karibu na 70 na kinaacha sukari ndefu zinazobaki kwenye glasi. Kwa ale ndogo ya asilimia nne mimi nasimama kwenye 67, kwa sababu ale ndogo inahitaji kitu cha kutafuna. Pasha lita 20 za maji hadi nyuzi 70 au 71, zima moto, tandaza mfuko, mwaga nafaka polepole huku unakoroga pasibaki madonge. Joto litatua karibu na 67. Funika, zungushia blanketi zito, acha saa moja. Ukitaka uhakika, toa kijiko kimoja cha maji hayo kwenye sahani nyeupe, dondosha tincha ya iodini: ikigeuka bluu iliyokolea au nyeusi, wanga bado upo, subiri dakika 15 zaidi. Kijiko hicho kimwage, usikirudishe.

Nyanyua mfuko, uache uchuruzike, kisha suuza machicha kwa lita 7 za maji ya nyuzi 75. Usisuuze kwa maji yanayotokota. Ukipita 77 ganda linaanza kutoa ukakasi, na ukakasi huo hakuna hopsi itakayouficha.

Chemsha saa moja, mchemko wa kububujika. Hopsi: gramu 40 za East Kent Goldings mara tu mchemko unapoanza, na gramu 25 nyingine zikibaki dakika 10. Nimehesabu kwa hopsi zenye asilimia 5 ya asidi alfa, ambayo ndiyo chanzo cha uchungu. Pakiti yako ikisema 6, punguza zile za mwanzo hadi gramu 33 hivi. Fuggle nayo ni nzuri, ina harufu ya udongo na majani makavu. Hopsi za Kimarekani zenye harufu ya balungi nazipenda kwenye bia nyingine, hapa zitameza kimea chote. Zikibaki dakika 15, weka kijiko kimoja cha chai cha mwani mkavu wa kung'arishia, ule mwekundu wa Ayalandi. Unakusanya protini zishuke chini ya sufuria.

Nafaka itanyonya lita tatu hivi, utapoteza tatu nyingine kwa mvuke na moja ya mashapo, ubaki na 20. Haidromita isome karibu na 1.042 (maji matupu ni 1.000), sampuli ikiwa imepoa hadi nyuzi 20, maana maji moto yanaidanganya.

Sasa hamira. Naomba hapa usome taratibu, kwa sababu nafaka nzuri na hopsi nzuri vyote vinaharibikia hapa.

Poza sufuria haraka kwenye beseni la maji ya barafu hadi nyuzi 18. Si 25 ukisema itapoa yenyewe usiku. Saa za mwanzo, hamira inapozaliana, ndizo zinazoamua harufu, kwa hiyo ianze kwenye ubaridi. Mimina kwa kishindo kutoka sufuria hadi ndoo, tena na tena, iingie hewa. Huu ndio wakati pekee ambapo ale inataka oksijeni. Kisha nyunyiza pakiti ya gramu 11 ya hamira kavu ya Kiingereza. Nasisitiza ya Kiingereza: inaacha utamu kidogo, inatoa harufu ya tunda kwa mbali, na ikimaliza inazama yote na kushikamana chini. Hamira ya Kimarekani isiyoacha harufu yake kwenye nafaka hiyohiyo itakupa bia nyingine kabisa.

Ndoo iketishe kwenye beseni pana lenye maji yanayofika nusu yake. Ivishe fulana kuukuu ya pamba, pindo lizame majini, fulana inyonye na kubaki mbichi. Feni ipulize upande mmoja. Gandisha chupa za plastiki za lita moja na nusu, tia mbili beseni asubuhi, mbili jioni. Pima joto la ndoo yenyewe, bandika kipimajoto ubavuni chini ya fulana. Kwenye chumba chako utaweza kuishikilia 19 au 20. Siku tatu za kwanza usizembee hata jioni moja. Kuanzia siku ya nne acha kutia barafu, ipande yenyewe hadi 22: hamira itarudi kula ile dayasetili yenye harufu ya siagi, kazi ambayo haiwezi kuifanya ikiwa imezubaishwa na baridi.

Pipa_la_Mwaloni

Shangazi amemaliza yote ya bitter, siongezi. Ila Ndoo_Nyeupe, kama kupambana na joto kunakuchosha, zipo ale za asili zilizozaliwa kwenye joto. Magharibi mwa Norwei wakulima wametunza hamira zao kwa vizazi, wanaziita kveik. Ile ya Voss inatiwa kwenye maji ya kimea yenye nyuzi 39 au 40, joto ambalo hamira ya Kiingereza ingeharibika nalo, na inatoa harufu ya maganda ya machungwa badala ya dawa ya kucha. Wazee waliikausha kwenye pete za mbao au kwenye kitambaa na kuiweka mpaka upishi mwingine.

Chumba chako cha 27 kwake ni baridi kidogo. Itie ikiwa nyuzi 35, funika ndoo kwa blanketi, na siku tatu au nne huwa imemaliza. Jambo la kuangalia ni chakula: ale zao ni nzito, nyingi zinaanza 1.070 na kuendelea, kwa hiyo kwenye maji mepesi ya 1.042 kveik inaweza kusuasua. Ongeza lishe ya hamira kidogo dakika za mwisho za mchemko.

Ukitaka kuipika kwa njia yao, maji ya kuloweka yachemshwe kwanza na matawi ya mreteni na hopsi ziwe chache. Tumia mreteni wa kawaida tu, Juniperus communis, ulioutambua kwa uhakika. Jamaa zake wengine, kama Juniperus sabina, wana sumu. Wafini nao wana sahti yao, inayochujwa juu ya matawi hayo kwenye hori la mbao na kuchachushwa kwa hamira ya mkate. Tangu 2002 jina hilo linalindwa na Umoja wa Ulaya kama bidhaa ya kimila. Sahti kwa kawaida haichemshwi, kwa hiyo haikai: inawekwa kwenye baridi na kunywewa ndani ya wiki chache.

Maji_Matamu

Naongeza la maji, kwa sababu klorini ni nusu tu ya habari. Ale chungu za rangi hafifu zilipata sifa Burton upon Trent, mji wa Uingereza, kwa sababu visima vya pale vimejaa jasi. Salfeti ya jasi inaukausha uchungu na kuuweka wazi, kalsiamu inasaidia vimeng'enya na inaisaidia hamira kuzama. London ilikuwa na maji ya bikabonati, yakafaa bia nyeusi za porter, kwa sababu kimea kilichoungua kina asidi inayosawazisha.

Tafuta taarifa ya vipimo vya maji unayotumia. Kama ni laini, yaani yana madini machache, gramu 5 za jasi ya daraja la chakula kwenye lita 27 zitakuongezea miligramu 43 hivi za kalsiamu na 103 za salfeti kwa kila lita. Kwa bitter inatosha. Sioni haja ya kuiga Burton yenyewe, yenye salfeti ya mamia kadhaa. Kimea cha kisasa na hopsi nyingi kwenye maji hayo vinatoa uchungu wa chokaa. Kama maji yako tayari ni magumu, usiweke kitu mpaka ujue yana nini.

Ndoo_Nyeupe

Asanteni sana wakuu, na wewe Shangazi shikamoo. Nimeelewa sasa kwamba kopo lilikuwa na makosa yake lakini joto ndilo lililoniangusha. Nina mawili yamebaki. Kwanza, nitajuaje kwamba imemaliza kuchachuka, nisije nikajaza chupa zikapasuka? Povu likishuka ndiyo basi? Pili, hamira nzuri si rahisi kuipata kila mara. Je, naweza kuitunza niitumie tena?

Halafu Pipa_la_Mwaloni, hiyo kveik naweza kupikia bitter hii hii ya Shangazi?

Pipa_la_Mwaloni

Unaweza, na itanyweka. Lakini ile ya Voss itakupa machungwa, na bitter haitakiwi kunukia machungwa. Mimi ningeipa upishi wake.

Shangazi_Shayiri

Marahaba mwanangu. Nakubaliana na Pipa. Kveik ni hamira ya heshima na nimeionja ikiwa imetunzwa vizuri, lakini ukiitia kwenye nafaka na Goldings za bitter, utakuwa umepika ale ya Norwei kwa viungo vya Kent. Jifunze moja mpaka ulimi uijue, kisha nenda nyingine.

Povu kushuka si ushahidi, wala mrija wa hewa kuacha kububujika si ushahidi. Ushahidi ni haidromita. Pima siku ya kumi, pima tena siku ya kumi na tatu. Vipimo vikilingana na viko kati ya 1.010 na 1.012, imemaliza, na utakuwa na asilimia nne hivi. Vikiwa sawa lakini kwenye 1.018, hamira imelala njiani: tingisha ndoo taratibu bila kuifungua, ipashe hadi 22 au 23, subiri siku nyingine nne ndipo upime. Usijaze chupa kwenye 1.018 kwa kuwa umechoka kusubiri. Chupa iliyopasuka inarusha vioo, na kioo hakichagui jicho la nani.

Kwenye chupa, gramu 80 za sukari zinatosha lita zote 20. Ziyeyushe kwenye kikombe cha maji, chemsha, mimina chini ya ndoo safi ya pili, kisha vuta ale kwa mpira taratibu juu yake bila kurusha matone, ichanganyike yenyewe. Hapa oksijeni ni adui. Ale iliyopigwa hewa wakati huu inanuka kadibodi baada ya mwezi. Gramu 80 zitaonekana chache kwako uliyezoea maelezo ya kopo, lakini bitter ni kinywaji cha gesi ndogo, na gesi nyingi inaficha kimea na kunoa uchungu vibaya. Chupa ziwe za kahawia, maana mwanga unaharibu hopsi hata kupitia kioo cha kijani. Weka wiki mbili chumbani, kisha wiki moja mahali pa baridi.

Kuhusu kutunza hamira, njia iliyo bora kwa ale ni ya zamani, na wapishi wengi wa kisasa wameisahau kwa sababu vyombo vyao havina mdomo mpana. Hamira ya ale inapanda juu. Kati ya siku ya pili na ya tatu fungua ndoo, utaona povu lenye uchafu wa kahawia juu yake: hiyo ni hopsi na protini, iondoe kwa kijiko kilichotakaswa na uitupe. Baada ya saa kadhaa povu jipya litapanda, jeupe na zito. Hilo ndilo hamira yenyewe, changa na yenye nguvu. Likusanye kwenye chupa ya mdomo mpana iliyotakaswa, kama robo lita, funika bila kukaza ili gesi itoke, weka sehemu ya baridi ya friji ya jikoni. Litumie ndani ya wiki mbili. Kabla ya kulitia, linuse: likinukia mkate na tunda, endelea, likinukia siki au likiwa na utando juu, litupe bila kusikitika na ufungue pakiti. Si kila hamira inapanda vizuri. Baadhi ya zile kavu zinatoa povu jembamba. Kama yako ni hivyo, chukua mashapo ya chini ya ndoo siku ya kujaza chupa, ile tabaka ya katikati yenye rangi ya maziwa, uache ile nyeusi ya chini kabisa.

Labda utashangaa nikikwambia ufungue ndoo siku hizo za mwanzo ili kuchukua hiyo robo lita. Fungua, lakini feni iwe imezimwa, mikono na kijiko vimetakaswa, na usizidi dakika moja. Povu na gesi inayotoka vinaikinga ale wakati huo kuliko utakavyoweza kuikinga wiki moja baadaye.

Siku ya kunywa, itoe friji mapema ifike nyuzi 12 hivi. Ikiwa baridi kama soda hutasikia Goldings wala Maris Otter. Imimine kwa mkupuo mmoja, taratibu, usirudishe chupa wima katikati, na sentimita ya mwisho yenye mashapo iache chini. Ukishaonja, rudi hapa utuambie kipimo cha mwanzo, cha mwisho, na joto la ndoo la siku tatu za kwanza, ndipo tuone kama 67 ilikufaa au upishi ujao uloweke kwa 65.